Kutembea msitu wa Kakamega mpaka maporomoko ya Isiukhu: mwongozo kamili kwa anayetoka Kisumu (na wa Nakuru pia)

Wengi wakisikia maporomoko ya maji akili inaenda moja kwa moja Nyahururu, pale Thomson Falls, maji yanashuka mita 74 na ule mvuke unakulowesha hata ukiwa umesimama juu. Sasa ukienda Isiukhu na hiyo picha kichwani utarudi nyumbani umenuna. Maporomoko ya Isiukhu ni madogo, nasema mapema ndio usinilaumu. Maji yanateremka kwa mawe, yananguruma kiasi, basi. Lakini hiyo njia ya kuyafikia jamani, hiyo njia ndio safari. Nimeitembea mara nyingi na bado nikikaa miezi mitatu bila kwenda naanza kuitafuta kama mtu anatafuta chai. Kwa hivyo mwongozo huu nimeuandika kwa mtu ambaye yuko tayari kutembea polepole, juu ukikimbilia maji utakuwa umepita kila kitu kizuri na ufike kwa kile kidogo.

Kwanza ujue unaingia wapi. Kakamega ndio kipande cha msitu wa mvua kilichobaki Kenya, ukingo wa mashariki kabisa wa ule msitu mkubwa ulioanzia Kongo. Ndio maana kuna miti na ndege na nyoka hapa ambao Aberdare hupati, Mau hupati. Msitu mzima ni kama kilomita mraba 240 ukihesabu na zile sehemu za nyasi katikati, na umegawanyika. Kaskazini, upande wa Buyangu, kuna hifadhi ya taifa ya kama kilomita mraba 44 iliyotangazwa 1985 na iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori. Kusini, upande wa Isecheno, ni wa KFS, shirika la misitu. Hii inachanganya watu sana, mtu analipia huku halafu boda inampeleka kule. Isiukhu tunayoenda leo iko kaskazini, kwa hivyo neno la kushika ni Buyangu. Ukimwambia mtu wa boda "nipeleke forest" pale Kakamega tao hakuna ajuaye atakupeleka wapi, sema Buyangu.

Kuchagua siku, na zaidi ya siku, saa

Kakamega inanyeshewa karibu milimita 2,000 kwa mwaka, hiyo ni mvua nyingi sana, na miezi mizito ni kuanzia mwisho wa Machi mpaka Juni halafu inarudi tena Agosti na Septemba. Desemba mpaka Februari ndio kukavu kidogo. Watu wengi wanaambiwa waende wakati wa kiangazi na ni ushauri mzuri kwa viatu, lakini mimi napenda Juni ikielekea kuisha, msitu unakuwa umeshiba, maji ni mengi, na uyoga umetoka kwa kila gogo lililooza.

Lakini kitu cha maana kuliko mwezi ni saa. Mvua ya Kakamega ina ratiba. Asubuhi mbingu safi, saa tano jua kali, saa saba mawingu yanaanza kukusanyika upande wa Nandi, kule juu mashariki, saa nane ama tisa inamwagika na radi juu yake. Sio kila siku lakini siku nyingi sana za mwaka ni hivyo. Kwa hivyo uwe umeingia msituni saa moja asubuhi, hata kumi na mbili na nusu kama umelala karibu, na uwe umetoka kwa miti ifikapo saa saba. Geti inafunguliwa saa kumi na mbili.

Mara yangu ya kwanza tuliingia saa sita mchana, mimi na kakangu mdogo, tumelala mpaka jua lipande halafu tukakula Kakamega polepole bila haraka. Mvua ilitukuta pale pale kwa maporomoko. Kakangu alikuwa amesimama kwa jiwe anapiga picha, jiwe likalowa, mguu ukateleza, akatua vibaya na kifundo kikavimba saa hiyo hiyo. Mzee aliyekuwa anatuongoza alikata fimbo, akafunga ule mguu na leso yangu, tukarudi mtu na bega lake, hatua kidogo tunapumzika, matope, radi, giza la mchana. Tulifika geti jioni. Hakuvunjika, tunashukuru Mungu, lakini tangu siku hiyo saa ya kuanza sifanyii mchezo.

Kufika

Kutoka Kisumu mpaka Kakamega ni kama kilomita 50. Matatu zinaenda siku nzima, unapita Kiboswa, Majengo, Mbale, Chavakali, Khayega. Ukikaribia Kakamega kuna Ilesi, angalia nje uone lile jiwe linalolia, jiwe refu limesimama na lingine juu yake kama kichwa na maji yanatiririka chini kama machozi. Kama una gari yako simama hapo unyooshe miguu.

Ukifika Kakamega usishuke ukae, panda ile inaenda Malava, Webuye ama Kitale, mwambie kondakta mapema kabisa "nishushe Buyangu". Ni kama kilomita 20 kutoka tao, unapita Lubao, na kabla hujafika Malava ndio unashuka. Mwambie tena ukipita Lubao, juu kondakta anasahau na utajikuta Malava unarudi na boda. Kutoka barabarani mpaka geti unaingia ndani upande wa mashariki, wengine wanatembea, wengine wanachukua boda. Mimi asubuhi natembea, miguu inaamka, na unaanza kusikia ndege hata kabla ya geti.

Wa kutoka Nakuru msikie hapa: msipite Kisumu. Pandeni za Eldoret, kutoka Eldoret mje Webuye, kutoka Webuye mshike za Kakamega na mtafika Buyangu kabla ya Kakamega yenyewe. Lakini siku moja kwenda na kurudi Nakuru haiwezekani kwa njia ya raha, laleni.

Na hata wa Kisumu, ushauri wangu wa kweli ni ulale. Ndani ya hifadhi KWS wako na bandas za Udo's, ni nyumba ndogo za duara na uwanja wa kupiga hema hapo hapo, na pia kuna nyumba ya wageni ya Isikuti kwa watu wa familia. Usiku ukiwa umelala unasikia msitu ukipumua, vyura, na sauti zingine ambazo hujui ni za nani, halafu alfajiri mbega wanaanza kunguruma. Mbega wakinguruma huwezi kuamini ni nyani tu, ni kama pikipiki kubwa inawashwa mbali na inajibiwa na nyingine. Bandas za Udo's ni za kawaida kabisa, usitarajie hoteli, beba chakula chako, beba tochi, beba shuka lako kama unajali. Eneo hili lina malaria kwa hivyo neti ni lazima, na dawa ya kujipaka.

Kama lazima uende na kurudi siku moja basi toka Kisumu saa kumi na moja asubuhi. Nimefanya, inawezekana, lakini utakuwa unaangalia saa badala ya kuangalia miti.

Malipo

KWS hawachukui pesa mkononi getini. Unalipa kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, kwa M-Pesa ama kadi. Fanya hii kitu usiku kabla ya safari ukiwa na mtandao mzuri nyumbani, usingoje getini ndio uanze kukumbuka paswadi na kungoja namba ya siri iingie kwa simu. Bei zinabadilika, angalia hapo hapo kwa eCitizen, kuna ya raia, ya mkazi na ya mgeni, na ya watoto na wanafunzi ni chini. Beba kitambulisho juu bei ya raia bila kitambulisho ni maneno mengi getini. Piga skrinshoti ya risiti ama uiprint, usitegemee itafunguka ukiwa huko.

Pesa kidogo ya mkononi beba tu, ya boda na ya mama wa mandazi.

Vitu vya kubeba na vya kuvaa

Viatu kwanza. Wakati wa mvua gumbuti ndio mfalme, usione aibu, wazee wote wa hapa wanavaa. Wakati wa kiangazi raba yenye meno chini inatosha. Raba laini zile za tao zitakuangusha, na sandali ni kujitafutia mabaya.

Suruali ndefu, soksi ndefu, na suruali uiingize ndani ya soksi. Utaonekana vile utaonekana lakini hapa kuna siafu. Siafu wanavuka njia kwa mstari mweusi, ukikanyaga mstari bila kujua, sekunde chache wamepanda mpaka mapaja na wanauma wote kama wamepeana ishara. Binti ya binamu yangu ilimpata akiwa na miaka saba na alilia mpaka nikalia. Sasa, mbinu: ukiona mstari ruka, usisimame karibu kushangaa. Ukikanyaga, kimbia mbele hatua kumi ama kumi na tano nje ya mstari kabisa ndio uanze kuwatoa, ukibaki pale pale unawatoa wengine wanapanda. Watoe mmoja mmoja kwa kuvuta kichwa, na kama wameingia ndani ya suruali vua, hapo hakuna aibu. Anayetembea mbele ndiye wa kuangalia chini, kwa hivyo anayetembea mbele asiwe anashika simu.

Jaketi ya mvua nyepesi, hata kama asubuhi ni safi. Mfuko wa kukinga simu na powabenki. Maji lita moja na nusu kwa mtu mzima, na chupa iwe ya kudumu ya chuma ama ya plastiki nzito, juu tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimekatazwa kwa hifadhi zote Kenya, zile chupa za maji za dukani watakuambia uache. Maji ya mto usinywe, hata yakionekana masafi, huko juu kuna mashamba na ng'ombe.

Beba bendeji ya kukunja, plasta, dawa ya maumivu, leso moja (leso inafanya kazi elfu, muulize kakangu) na filimbi. Darubini kama unayo ama unaweza kuazima, azima. Nusu ya wanyama wa Kakamega wanaishi juu kabisa na bila darubini utakuwa unaambiwa tu "yule pale, yule pale" na wewe unaona majani.

Chakula, mimi nabeba viazi vitamu vya kuchemsha, mayai mawili na ndizi. Nyani hawapati harufu sana na haimwagiki.

Mwongozaji, tafadhali

Najua watu wanaona ni pesa ya bure, njia si iko na alama. Njia iko, lakini nimetembea peke yangu na nimetembea na mwongozaji na ni misitu miwili tofauti. Peke yangu niliona miti. Na mzee wangu wa Buyangu, alikuwa ananiambia "simama mwanangu, usiseme kitu," nasimama, sioni kitu, dakika mbili zinapita, halafu tawi moja linageuka kuwa kinyonga. Pia anajua njia zipi zimezibwa na mti ulioanguka wiki hii. Ulizia getini watakuunganisha, mkubaliane bei kabla ya kuanza, kwa heshima, na usimkazie mtu mia mbili wakati umetoka Kisumu na nauli ya kwenda na kurudi. Mwambie mapema kwamba unataka kwenda polepole na unapenda nini, kama ni ndege ama miti ama nyani, juu wengi wamezoea wageni wenye haraka, wanakutembeza mbio kwa kudhani ndio unataka.

Kutembea kwenyewe

Njia ya Isiukhu inaanzia upande wa Udo's. Mwanzo utaona vichaka na mapera mengi sana, mapera ya kweli yale ya kula. Watu wengine wanashangaa msitu wa asili na mapera wapi na wapi. Sehemu hii ilikatwa zamani, na mpera ukishika mahali umeshika, lakini nyani wanapenda matunda yake, kwa hivyo usipite haraka kwa kusema hapa bado hatujafika. Hapa ndio nimeona kima na wale wadogo wenye mkia mwekundu kwa karibu zaidi kuliko mahali pengine popote, wale wenye mkia mwekundu wana doa jeupe puani kama wamechovya pua kwa unga. Usiwalishe. Ukianza kuwalisha wanajifunza kunyang'anya na mwisho ni wao wanaumia.

Ukiendelea miti inakuwa mirefu na mwanga unabadilika, unatoka kwa mwanga mweupe unaingia kwa mwanga wa kijani. Hapo punguza mwendo nusu. Mimi hufanya hivi: natembea hatua kama hamsini, nasimama dakika mbili kamili, nasikiliza, naendelea. Dakika mbili ni ndefu, utajaribu kutoa simu, usitoe. Dakika ya kwanza msitu unanyamaza juu umesikia wewe. Dakika ya pili unarudi kazini, na hapo ndio unaona vitu.

Kitu cha kusikiliza ni mabawa. Hondohondo wa hapa, wale wakubwa weusi na weupe wenye kofia juu ya mdomo, wakiruka mabawa yanavuma kwa sauti kubwa, unawasikia kabla ya kuwaona, inua kichwa saa hiyo hiyo. Na kuna yule shorobo mkubwa wa buluu, ndege mwenye kishungi na mdomo wa manjano wenye ncha nyekundu, anakimbia kwa matawi kama kindi badala ya kuruka. Ukimwona huyo siku yako imelipa. Watu wa ndege wamehesabu zaidi ya aina 300 hapa na kuna wageni wanatoka Ulaya kuja kuwaona, na sisi tuko saa moja na nusu kwa matatu.

Miti usiipite tu. Angalia mugumo unaonyonga: mbegu inaachwa na ndege juu kabisa kwa tawi la mti mwingine, mizizi inashuka polepole, inafika chini, inanenepa, inamzunguka mwenye nyumba mpaka anakufa ndani, na baada ya miaka mingi unaweza kuingiza kichwa katikati uone uwazi pale mti wa kwanza ulikuwa. Muulize mwongozaji akuonyeshe mmoja wenye uwazi. Muulize pia mwiritsa, ule mti ambao maganda yake yanatengenezwa dawa ya tezi dume na yanauzwa mpaka ng'ambo, ulivunwa vibaya mpaka tangu 1995 biashara yake inadhibitiwa kimataifa. Maganda yakibanduliwa kuzunguka mti mzima unakufa umesimama, nimeonyeshwa mmoja na sikusahau. Na mukombero bila shaka, ule mzizi watu wanatafuna kwa steji zote za magharibi, huku utauona ukiwa mmea unaotambaa juu ya miti mingine. Usichimbe! Ukiutaka nunua Kakamega kwa soko ukirudi, ladha inaanza chungu halafu inakuwa tamu kama vanila.

Nyoka. Lazima niseme juu kila mtu anauliza. Wako, na wengine ni wa sumu kali, kuna kobra wa msitu na kuna kifutu wale wanene wenye mapambo kama zulia wanaolala kwa majani makavu bila kusonga. Mimi kwa miaka yote nimeona wawili tu na wote walikuwa wanaondoka. Kaa kwa njia, usiingize mkono kwa shimo, usiruke gogo bila kuona upande wa pili, kanyaga juu ya gogo kwanza ndio uangalie. Ikitokea mtu ameumwa: asikimbie, asikatwe, asinyonywe, asifungwe kamba ya kukaza, mguu au mkono usitikisike, bebeni na mpige simu KWS, hospitali kubwa ya kaunti iko Kakamega tao.

Utajua umekaribia mto kabla ya kuuona. Hewa inapoa kidogo na njia inaanza kushuka, mawe yanakuwa na ukungu wa kijani na sauti inaanza kama upepo halafu unagundua majani hayatikisiki, ni maji. Hapa chukua mahali pa kushika, hapa ndio watu wanateleza, kanyaga upande wa kisigino na uwe na mkono mmoja huru.

Kwa maporomoko

Sasa umefika, ni madogo kama nilivyokuambia, na ukiwa umekuja polepole haitakusumbua hata kidogo. Kaa. Kaa mbali kidogo na ukingo mahali pakavu, kula viazi vyako, angalia vipepeo wanaotua kwa mchanga uliolowa kunywa chumvi. Kakamega ina vipepeo zaidi ya aina 400, na kwa mto jua likiwaka saa nne, saa tano, ndio wanashuka, wakati mwingine kumi na tano mahali pamoja wamefunga mabawa kama wanasali. Ukikaa chini ukawa kimya mmoja atakuja kunywa jasho kwa mkono wako.

Usalama wa hapa ni mambo matatu na yote nayasema nikiwa serious kabisa. Usipande kwa mawe yaliyolowa kwa ajili ya picha. Usiogelee, mkondo una nguvu kuliko unavyoonekana na chini ni mawe. Na la tatu ambalo wageni hawalijui: mto huu unatoka juu upande wa Nandi, kwa hivyo inaweza kunyesha huko na kwako ni jua, na maji yanapanda ghafla. Ukiona maji yamegeuka rangi kuwa ya chai ya maziwa, ama vijiti na majani yameanza kuja mengi kwa wakati mmoja, ama sauti imebadilika, toka kwa ukingo panda juu kwanza, utachukua begi baadaye.

Kurudi, na kilima cha Buyangu

Kama bado ni saa nne na mbingu ni safi na miguu iko, kuna kilima cha Buyangu, ni kama kilomita 4 kutoka kambi. Juu yake unaona msitu wote umelala chini kama blanketi na mbele yake ule ukuta wa Nandi upande wa mashariki, na unaelewa vizuri mahali ulikuwa asubuhi. Watu wengine wanafanya kilima kwanza alfajiri halafu Isiukhu. Ukiwa umelala Udo's hiyo ndio mpangilio bora, ukungu unakuwa bado umejaa kati ya miti na jua linatokea juu ya Nandi. Ukiwa umetoka Kisumu siku hiyo chagua kimoja, na mimi nakuchagulia Isiukhu.

Ukisikia radi, hata ya mbali, kilima sahau. Magharibi hii radi inaua watu kila mwaka. Shuka, kaa mbali na mti mrefu uliosimama peke yake na mbali na uwazi wa nyasi, ndani ya msitu wenye miti ya urefu mmoja ni afadhali kuliko kilimani.

Ukienda na watoto, chini ya miaka sita sitakushauri mpaka mtoni, zungukeni hapo karibu na kambi kwa mapera waone nyani, watafurahi vile vile. Ukienda na mzazi mwenye magoti mabaya, upande wa kusini ni rahisi zaidi: Isecheno unafika kupitia Khayega na Shinyalu, njia nyingi ni tambarare, unapita zile shamba za chai za Nyayo zilizopandwa miaka ya themanini kuwa kama ukuta kati ya mashamba na msitu. Huko pia kuna kilima cha Lirhanda na lile shimo la zamani la kutafuta dhahabu, lililobaki tangu ile miaka ya thelathini watu walipovamia Kakamega kutafuta dhahabu, sasa wapangaji ni popo. Lakini hiyo ni tikiti ingine na siku ingine.

Na karasinga, yule nyani mwenye ndevu nyeupe, wengi wanamuulizia. Huyo anakaa Kisere, kipande kidogo cha msitu kaskazini zaidi, kwa njia ya Isiukhu usimtarajie. Mwambie mwongozaji kabla kama unamtaka, ni safari yake peke yake na ya asubuhi sana.

Baada ya kutoka

Ukitoka kwa miti, kabla hujakaa, vua soksi uangalie kupe, nyuma ya magoti na kiunoni, watoto waangaliwe hata nyuma ya masikio. Lipa mwongozaji pale pale, usimwambie utatuma jioni. Ukienda barabarani matatu za kurudi Kakamega zinapita mpaka jioni lakini Jumapili zinajaa zikitoka Kitale, kwa hivyo Jumapili ukifika barabarani saa tisa utapata kiti, ukifika saa kumi na mbili utasimama sana.

Halafu shuka Kakamega, ingia hoteli yoyote ndogo karibu na soko, agiza kuku wa kienyeji na ugali ya wimbi na mrenda. Uliza kama ni kienyeji kweli kabla hajapikwa, na kama wakisema mngoje saa nzima, ngojeni, hiyo ndio dalili kwamba ni yeye.